Ilipanda Mara Mbili

Reli nilionyeshwa na ng'ombe.
Kwenye picha ya setilaiti palikuwa na mstari
ulionyooka mno kuwa njia ya mifugo,
uliopinda kwa adabu mno kuwa korongo,
kutoka Msagali ukipanda kuelekea Kongwa.
Ng'ombe wanaufuata hadi leo, na bodaboda pia.
Chuma chenyewe kiling'olewa mama hajazaliwa.

Basi usiku, Nkuhungu, mlango nimeufunga,
feni ya kompyuta ikihema kama mbuzi wa kiangazi,
ninaitandika upya.
Taruma moja. Taruma la pili.
Elfu tisa hayajafika hata Kongwa mjini.
Nimepanda migunga, nikaifuta, nikaipanda tena:
migunga ya mchezo huu ilichorwa na mtu
ambaye hajawahi kuchomwa na mwiba.
Na vumbi! Orodha ina kahawia kumi na moja,
hakuna hata moja ya Novemba kabla ya mvua.

Sauti ya reli ile ninayo moja tu.
Kuna shule kule, kengele yake ni kipande cha reli
kimening'inizwa kwa waya mkwajuni.
Mwalimu Malogo alikigonga mara tatu, nikarekodi kwa simu;
watoto wakatoka mbio wakidhani ni saa nne,
wakapanga foleni ya uji ambao haujaiva.
Ndiyo sasa kengele ya stesheni yangu.
Ukisikiliza vizuri, mwishoni kuna mtoto anacheka.
Sikumkata.

Bibi Sechelela husema treni ilipanda mara mbili.
Alikuwa na miaka saba, anaamia ndege shambani.
"Ilipanda. Ikashuka kichwa kitupu, kinyumenyume.
Ikapanda tena. Treni ile ile,
dereva yule yule, kitambaa chekundu shingoni."
Mjomba Ndahani humwambia, mama, umechanganya siku,
hiyo ya pili ilikuwa ya kesho yake.
Watu hucheka, chai humiminwa.
Mwaka juzi aliacha kuisimulia.

Jumapili nikaunga mabehewa kumi na manne:
mapipa ya mafuta, vipuri vya matrekta, mabati.
Mwinuko sikuubuni. Niliusoma kwenye ramani ya vimo,
mita baada ya mita, kama anayehesabu dawa.
Nikafungua mvuke.
Penye kona ya tatu magurudumu yakaanza kuzunguka papo hapo.
Mwendo: kumi na mbili. Saba. Mbili.
Ziro.
Nikamwaga mchanga. Nikarudi nyuma, nikaja kwa kasi.
Ziro.
Nikapunguza uzito wa mapipa, kwa siri,
kama mwenye duka anayebonyeza mizani kwa kidole,
halafu nikaona haya, nikaurudisha.

Umeme ukakatika. Ukarudi.
Saa tano usiku nikaikata treni katikati.
Mabehewa saba nikayafunga breki pale konani,
saba nikapanda nayo, polepole, bila kuteleza,
nikayaacha kileleni.
Kisha nikashuka kuyafuata mengine,
kichwa kitupu,
kinyumenyume.

Hapo nikaachia kipanya.
Kushoto kulikuwa na shamba la mtama
nililolipanda wiki iliyopita kujaza nafasi tu,
na treni yangu ilikuwa inalipita
mara hii ikishuka, na punde ingepanda tena,
ile ile, dereva yule yule,
na kwenye shamba lile sikuwa nimeweka mtu.

Nikapiga simu. Akapokea kwa sauti ya usingizi.
"Bibi, ilipanda mara mbili. Mlima uliishinda,
ikabidi ibebe nusu nusu."
Nikasikia akikohoa, akitafuta kanga yake.
"Na kitambaa?"
Kitambaa gani, bibi?
"Chekundu. Cha dereva. Kipo?"
Nikamweleza kwamba mchezo hauna vitambaa,
dereva wake hata shingo hana vizuri.
"Basi bado," akasema, akakata simu.

Tangu juzi ninachora shingo.